Wasichana wa Dukani Hawakai: Kosa ni la Nani?

Majuma machache yaliyopita nilikuwa Mpanda mjini nikingojea garimoshi la Kaliua. Garimoshi letu, kama mjuavyo, lina saa zake na lina siku ambazo halizijali saa hizo, na msafiri hana budi kutafuta kiti na kikombe cha chai. Basi nikaingia katika mgahawa mmoja usio mbali na stesheni, ambao nimeunywea chai miaka mingi.

Hapo zamani alikuwapo binti mmoja wa kuhudumia wateja. Huyu hakuwa na haja ya kuniuliza kitu. Akiniona mlangoni tu alisema, "Shikamoo baba, kaa pale penye upepo," na kabla sijatua mfuko wangu, chai ya rangi bila sukari ilikwisha fika mezani pamoja na chapati mbili, moja ya kula na moja ya kufungwa karatasini kwa njiani. Hata siku nilipokuwa na fedha ya chapati moja alijua kwa kunitazama, akaleta moja.

Safari hii sikumkuta. Alikuja binti mwingine, mgeni kabisa, akaniletea chai ya maziwa yenye sukari ya kuwatosha watu watatu. Nilipomwuliza bei akaenda jikoni kuuliza. Simlaumu, maana alikuwa na siku ya nne tu kazini. Lakini wakati ule ule mzee mmoja fundi wa baiskeli, aliyeketi karibu nami, akainuka bila kumaliza kikombe chake, akavuka barabara. Nikamfuata kwa macho. Ng'ambo ya pili upo mgahawa mwingine, mdogo, wa mabati matupu. Na mlangoni ni nani aliyempokea? Yule yule binti wetu wa zamani!

Mama mwenye mgahawa akaniona nikitazama. Akaja akaketi, akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Umeona, baba? Ameniondokea, na wateja wangu amewachukua. Chakula nilimpa, mahali pa kulala nilimpa, hata khanga ya Noeli nilimnunulia. Wasichana wa siku hizi hawakai. Tangu ameondoka huyo nimebadilisha watano. Unamfundisha, akishajua, anakwenda zake."

Nikamjibu maneno ya kumpoza moyo, kisha garimoshi likapiga honi, nikaondoka. Lakini njia nzima neno lake halikuniacha: hawakai.

Malalamiko haya si ya mama huyu peke yake. Mwenye duka la Inyonga atakwambia hivyo hivyo, na mwenye nyumba ya wageni wa Majimoto, na mwenye kibanda cha kutumia fedha kwa simu pale Karema bandarini. Na hao vijana wanaohama kama ndege, leo mti huu, kesho ule, ni wana wa nani? Ni wana wetu sisi tusomao gazeti hili huku vijijini. Sisi ndio tuliowafungia nguo katika mfuko, tukawapandisha basi, tukawaambia, "Nenda ukafanye kazi, utusaidie." Kwa hiyo jambo hili latuhusu mara mbili: latuhusu kwa kuwa tunawatuma, tena latuhusu kwa kuwa wengi wetu siku hizi tunavyo viduka vyetu wenyewe, tukawaandika watoto wa wenzetu.

Wako watu wasemao kwamba mwuzaji akiondoka hasara si kubwa, utapata mwingine kesho, vijana ni wengi. Vijana ni wengi kweli. Lakini mwuzaji aliyekaa miaka miwili anajua mambo ambayo hayakuandikwa daftarini. Anajua kwamba mzee fulani hukopa sabuni lakini hulipa siku ile ile aliyoahidi, na kwamba kijana fulani mwenye viatu vizuri hulipa kwa maneno. Anajua mchele upi wateja waliunung'unikia, na mama yupi hataki kuitwa "dada" mbele za watu. Siku anayoondoka, elimu hiyo yote inaondoka naye mlangoni, na tajiri hana sanduku la kuifungia. Kisha mteja, hasa huku kwetu, hamfuati mwenye bati na ukuta. Humfuata mtu aliyemsalimu vizuri. Yule fundi wa baiskeli hakuvuka barabara kwa sababu ya chai.

Sasa, mbona hawakai? Watu wengi watajibu upesi: mshahara mdogo. Ni kweli mshahara ni mdogo mahali pengi, tena pengine ni mdogo kuliko kile kiwango cha chini ambacho Serikali hutangaza kwa kila aina ya kazi, na afisa kazi yupo wa kuulizwa. Lakini nimezungumza na vijana wengi walioacha kazi, na mara nyingi neno la kwanza kutoka kinywani mwao si mshahara. Ni shoti.

Mwenye duka yeyote alijua neno hili. Mwisho wa mwezi tajiri anafunga hesabu: mali iliyoingia, mali iliyobaki, fedha iliyomo sandukuni. Zisipolingana, ile inayopungua ndiyo shoti, nayo hulipwa na mwuzaji. Hapo hakuna mashauri wala kuulizana. Hukatwa mshaharani, basi.

Wadokozi wapo, sitawaficha. Kijana ambaye kila jioni hutia noti moja katika soksi anaharibu kazi yake na jina la nyumba aliyotoka, na mzazi asimtetee. Lakini si kila shoti ni wizi. Chukua mfuko wa sukari wa kilo 50. Kwa hesabu ya karatasi una robo 200 ndani yake. Haya, zipime robo hizo kwa mkono wa mtu aliye hai, moja moja, mteja akiisimamia mizani kwa macho yake mawili, na kila mara kijiko kiongeze chembe kidogo ili mizani ikubali. Mfuko utaisha kabla hujafika 200, tena bila mtu kulamba hata kidole. Mafuta ya kupima ni hivyo hivyo, maana yanabaki kwenye kipimo, yanabaki kwenye mrija, yanabaki kwenye mikono. Panya nao hawalipi. Na siku ya mnada, watu kumi na wanane wakisukumana mbele ya meza, chenji ya elfu mbili hugeuka ya elfu tano kwa kupepesa macho tu.

Liko na jambo jingine ambalo matajiri hawapendi kulisikia, lakini nitalisema. Mama mwenye duka akipita jioni huchukua mche wa sabuni na nusu lita ya mafuta, kwa kuwa mgeni amefika nyumbani. Mtoto akitoka shule huchukua biskuti. Baba mwenyewe hupiga simu, "Mtumie fulani elfu ishirini, nitarudisha kesho." Hiyo kesho inakwenda na maji. Nani aandike haya daftarini? Binti wa miaka kumi na tisa, aliyelala usiku ule katika nyumba ya mama huyo na kula ugali wake, atathubutu kumwambia, "Mama, nitilie sahihi hapa"? Hathubutu. Basi mwisho wa mwezi biskuti za mtoto wa tajiri zinalipwa na mtoto wa mkulima wa Usevya.

Siyasemi haya kwa kusikia tu. Mwaka 1991, nikiwa kijana, niliandikwa kazi katika duka la mtu mmoja, mji sitautaja wala mtu mwenyewe, maana ana wajukuu wema. Mwezi wa kwanza nilikatwa kidogo. Mwezi wa pili nikakatwa nusu. Mwezi wa tatu nikaambiwa kwamba hakuna mshahara, ila mimi ndiye ninayedaiwa. Nilijua sikuchukua hata kibiriti. Kila usiku nililala nikihesabu robo za sukari kichwani, nikazipima tena na tena, nisijue zilipokimbilia. Mwezi wa nne, jioni moja, nilifunga duka, nikahesabu fedha mara mbili, nikaiweka sandukuni pamoja na daftari, nikampelekea jirani ufunguo, nikashika njia na kifurushi changu kwapani. Kuondoka bila kuaga naona haya mpaka leo, maana sivyo nilivyolelewa. Kuondoka kwenyewe sikujuta. Nikasikia baadaye kwamba tajiri wangu aliwaambia watu, "Vijana wa siku hizi hawakai." Naam, mwaka 1991 nasi tulikuwa vijana wa siku hizi.

Sheria ya nchi yasemaje? Wengi hawajui, nao wanaojua hawasemi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumkataza tajiri kudai hasara, ila imeweka mipaka. Hawezi kukata mshahara kwa ajili ya hasara mpaka hasara hiyo iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanya kazi mwenyewe, na mfanya kazi awe amepewa nafasi ya kujieleza mbele yake, na awe amekubali deni hilo kwa maandishi. Tena deni lisizidi thamani ya kitu chenyewe, na makato yasipite robo ya mshahara. Tuseme binti anapata shilingi 240,000 kwa mwezi. Robo yake ni 60,000. Tajiri anayemkata 150,000 kwa mkupuo, bila kumsikiliza, ametoka nje ya sheria, hata kama kweli sukari imepungua. Na yule anayesema, "Mwezi huu huna kitu," huyo ametoka mbali kabisa.

Mtu mwenye duka ataniuliza, "Sasa mzee, nami nile hasara peke yangu?" Nakujibu, ndugu, kama ninavyoona wenye busara wakifanya. Hufunga hesabu kila Jumamosi, wasingoje mwezi, kwa kuwa hasara ya siku sita mtu anaweza kukumbuka ilitokea wapi, lakini hasara ya siku thelathini ni giza tupu. Huhesabu wakiwa wawili, tajiri na mwuzaji, kila mmoja na kalamu yake. Katika sukari na mafuta hukubaliana mapema kiasi gani kipotee katika kupima, kisihesabiwe. Na ukutani hutundika daftari dogo la nyumbani, lenye kamba, ambamo kila achukuaye kitu cha duka bila kulipa huandika, hata mwenye mali mwenyewe. Mama mmoja wa Mpanda aliniambia kwamba daftari hilo la kamba lilimfundisha mambo ya nyumba yake kuliko ya mwuzaji. Mumewe alikuwa anakunywa soda nne kwa siku!

Baada ya shoti liko neno tamu linaloitwa "nakuwekea". Tajiri anamwambia binti, "Fedha yako usiichukue, utaipoteza kwa vijana, nakuwekea mimi." Pengine husema kwa moyo safi. Lakini fedha iliyowekwa katika biashara ya mtu mwingine ni kama maji yaliyowekwa katika kapu. Mali imepanda bei, mtoto ameitiwa ada, mgonjwa amepelekwa hospitali, na siku binti anapodai fedha ya miezi minane, ugomvi unaanza. Ndipo anaposingiziwa wizi ili asilipwe. Mambo hayo nimeyaona kwa macho yangu, na sitaki kuyaona tena. Mshahara una siku yake iliyopatanwa. Siku hiyo ulipwe mkononi au katika simu ya mwenyewe, kisha kama anataka kuwekewa, aseme mwenyewe, na iandikwe.

Na saa za kazi je? Binti wa mgahawa huamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa maandazi, na saa nne usiku yungali akiosha sufuria. Sheria ile ile inataka saa tisa kwa siku, saa 45 kwa juma, na zinazozidi zilipwe kwa mara moja na nusu. Tena mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Najua katika viduka vyetu mambo haya huonekana kama ndoto. Lakini mtu ambaye hana Dominika, hana alasiri moja ya kufua nguo zake na kwenda kuonana na wenzake, huyo haachi kazi siku moja. Anaiacha kidogo kidogo. Kwanza tabasamu linaondoka, kisha salamu, kisha miguu.

Watu wamejaribu tangu zamani njia mbili za kumshika mfanya kazi. Njia ya kwanza ni kamba. Wakati wa Waingereza ilikuwapo hapa Tanganyika sheria ya mwaka 1923 ya mabwana na watumishi, ambayo ilimhesabu mtu aliyetoroka mkataba wake kuwa na hatia ya kuadhibiwa. Na wazee wetu waliokwenda manamba katika katani ya Tanga walipewa kipande chenye siku 30. Siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa haikutiwa alama, na kipande kisipojaa fedha haitoki. Je, walikaa? Waulizeni wajukuu wao. Walitoroka usiku na mchana, na mabwana wakaendelea kutuma mawakala kuandika wengine kutoka mbali.

Njia ya pili aliijaribu tajiri mmoja wa Marekani, Bwana Henry Ford, mtengenezaji wa magari katika mji wa Detroit. Mwaka 1913 watu walimkimbia hata ikambidi aandike watu zaidi ya 50,000 katika mwaka mmoja ili apate daima watu kama 14,000 kazini. Fikirini: kumfundisha mtu, akaondoka, kumfundisha mwingine, akaondoka. Mwezi wa Januari 1914 akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku ya saa nane, ambapo zamani walipata zaidi kidogo ya dola 2 kwa saa tisa. Si wote walioupata, tena aliweka masharti mengi, hata ya kuchungulia mambo ya nyumbani mwao, jambo ambalo mimi silisifu. Lakini kukimbia kulipungua mara. Bwana huyo hakuwa akitoa sadaka. Alipiga hesabu, akaona kwamba mtu anayekaa ni nafuu kuliko mtu anayeondoka.

Mama wa mgahawa wa Mpanda hana dola za Bwana Ford, nami sidai azipate. Ninasema tu kwamba hesabu ile anaweza kuipiga hata yeye, kwa vikombe na chapati: wateja wangapi walivuka barabara, na kila mmoja alikuwa anakunywa vikombe vingapi kwa mwezi.

Sasa nageuka upande wetu sisi wazazi, na hapa naomba msinikasirikie.

Sisi nasi tunawatoa kazini. Mvua za Novemba zikianza, simu inalia mjini: "Njoo upande mahindi." Binti anaomba ruhusa ya siku tatu, anakaa majuma sita, na akirudi anakuta mwingine yuko mezani. Halafu twasema tajiri ana roho mbaya. Au baba anasikia kwamba kwa fulani wanalipa elfu ishirini zaidi, anaagiza, "Hama." Hakuuliza kama huko kwa fulani kuna mahali pema pa kulala, kama mlango una komeo, kama mwenye nyumba ni mtu wa heshima. Wako na wazazi wanaopatana na tajiri kwamba mshahara wote utumwe katika simu ya baba. Binti anafanya kazi mwaka mzima, hajaishika noti yake, na nguo aliyokwenda nayo ndiyo anayorudi nayo. Baba amenunua redio. Mtoto wa namna hii akitoroka, hamtoroki tajiri. Anatutoroka sisi, na mara nyingi hatuambii alikokwenda. Hapo ndipo mama anapoanza kulia usiku, na simu haipokelewi.

Jambo la mvua lina dawa yake nyepesi. Mfanya kazi ana likizo ya siku 28 kwa mwaka, yenye mshahara. Huku kwetu Katavi fedha huonekana dukani baada ya mavuno, watu wakiuza mpunga na tumbaku. Miezi ya kupanda mikono iko shambani na mifuko imekauka, na mwuzaji dukani huua nzi tu. Basi kwa nini likizo isipangwe wakati huo, ikajulikana tangu mwanzo wa mwaka? Tajiri hapotezi kitu, shamba linapata jembe, na binti anarudi mahali pake. Lakini lazima mpatane mapema. Ukipiga simu mvua imeshanyesha, hapo tena si kupatana.

Ndiyo maana nawasihi wazazi: msimpakie mtoto katika basi kama gunia la karanga. Aliye chini ya miaka 14 asiende kabisa, sheria imekataza, na mahali pake ni shule. Huyo aliyekwisha kuwa mtu mzima, nendeni naye siku ya kwanza. Mwone jiko na mahali pa kulala. Kaeni chini na mwenye kazi, hata akiwa shangazi au shemeji, au tuseme hasa akiwa shangazi au shemeji, kwa maana ndugu ndio wanaoona haya kutaja bei, na mwisho wake undugu huvunjika kwa ajili ya bei ile ile isiyotajwa. Semeni kazi ni ipi, mshahara ni kiasi gani na unalipwa tarehe ngapi, saa ni ngapi, siku ya kupumzika ni ipi, na hasara ikitokea itaamuliwaje. Kisha yaandikwe. Karatasi ya daftari la shule yatosha, yenye sahihi mbili. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanya kazi maelezo haya kwa maandishi anapoanza kazi, na asiyeelewa kusoma aelezwe mpaka aelewe. Tena tajiri asidhani kwamba kukosa karatasi kunamsaidia: wakifika mbele ya sheria naye hana maandishi, ni juu yake yeye kuthibitisha walivyopatana.

Na ninyi vijana, ukiona huwezi tena, usifanye kama nilivyofanya mimi mwaka ule. Anayelipwa kwa mwezi hutoa taarifa ya siku 28, kama vile tajiri naye anavyopaswa kumpa. Anayeaga vizuri anaweza kudai cheti cha utumishi wake, na mwenye duka linalofuata akikiona anakuwa na moyo wa kumwandika. Aliyefukuzwa bila haki aipeleke habari yake kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, asikae nyumbani akinung'unika, kwa sababu siku za kupeleka shauri la kuachishwa kazi ni 30 tu.

Watu wa Karema hawana haja ya kuhadithiwa na mimi habari za Adriano Atiman. Mtoto wa nchi za karibu na Timbuktu, aliuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Akafika Karema mwaka 1889, akatibu watu wa pwani ile ya Ziwa Tanganyika mpaka alipokufa mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: miaka 67. Sitaki kumfananisha mtu kama huyo na kazi ya kuuza chai, maana yaliyomshika yeye yalikuwa makubwa kuliko mshahara. Ila nimewaza mara nyingi kwamba mtu huyu alikwisha kuijua kamba shingoni, na hakuna ambaye angeweza kumshika tena kwa kamba. Alifundishwa kazi yake yote, asifichwe kitu, kisha akaachiwa aifanye. Hapa kwetu nimeona matajiri wanaoogopa kumfundisha mwuzaji kununua mali au kuweka hesabu, wakisema, "Akijua yote ataniacha." Nao wanaachwa vile vile, na watu wasiojua kitu.

Niliporudi kutoka safari yangu sikuvumilia, nikavuka barabara mimi nami, kuingia ule mgahawa wa mabati. Yule binti akacheka aliponiona.

"Shikamoo baba. Hapa hakuna upepo, lakini kaa."

"Marahaba, mwanangu." Chai ya rangi ikaja, na chapati mbili. Nikamwuliza kama hapa analipwa zaidi.

"Hapana, baba. Hapa napata pungufu ya elfu kumi."

"Sasa mbona ulihama?"

Akainamisha kichwa, akafuta meza kama alivyofanya mama yule. Mwisho akasema kwamba kule kila kikombe kilichovunjika kiliandikwa kwa jina lake, hata kilichovunjwa na mteja, hata kilichovunjwa na paka. Hapa mwenye mgahawa ana kopo la vipande juu ya kabati. Jumamosi wanalishusha wote pamoja, wanasemezana nani alivunja nini, wanacheka, linamwagwa. Na Dominika anakwenda zake kanisani, anarudi Jumatatu.

Nikamwambia kwamba mama yule anamkumbuka sana, na kwamba wateja wanamwulizia. Je, akiitwa kwa maneno mazuri, atarudi?

Alikaa kimya kidogo, akitazama ng'ambo ya barabara, ambako binti mwingine mgeni alikuwa akifagia mlango.

"Yule mama si mtu mbaya, baba," akasema. "Mwulize kwanza kama vikombe vyangu saba amevifuta."

Nimeahidi kumwuliza. Nitapita Mpanda tena mwisho wa mwezi huu, garimoshi likipenda.